Bibi, Kisomo na Kalamu Yangu: Umri na Shule katika Usemi wa Mtu Mzima, Ukerewe

Utangulizi

Makala hii ilianza kama kazi ya darasani na nusura iishie hapo hapo. Katika mwaka wangu wa pili, somo la fasihi simulizi lilimtaka kila mmoja wetu arudi nyumbani, arekodi masimulizi ya mtu mzima, ayaandike, kisha ayahakiki. Mimi nilipanda meli ya Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nikamrekodi bibi yangu mzaa baba. Nilirudi Dar es Salaam na sauti ya muda wa saa mbili katika simu, pamoja na kurasa 14 za maandishi safi. Usafi wa maandishi hayo ndio ulioniaibisha, na aibu hiyo ndiyo iliyoizaa makala hii.

Swali ninalokusudia kulijadili ni hili: ni kitu gani hasa kinachoumba usemi wa mtu mzima, umri wake au shule yake? Wengi wetu hapa chuoni tunalo jibu mfukoni. Mzee asiyesoma sana tunamweka katika moja ya mafungu mawili. Ama tunamwita hazina ya hekima, mtu anayesema kwa methali tangu asubuhi hadi jioni, hata akiomba chumvi. Ama tunaiona lugha yake kuwa ni mbovu, ya kishamba, inayosubiri kalamu nyekundu. Fungu la kwanza linaonekana kuwa ni heshima na la pili ni dharau, lakini nitajaribu kuonyesha kuwa yote mawili yanafanya kazi moja: yanatuwezesha kumhakiki mzee bila kumsikiliza.

Nitaanza na historia, kwa sababu bila ya historia ya kisomo cha watu wazima nchini mwetu, usemi wa mtu kama bibi yangu hauwezi kueleweka. Kisha nitajadili umri, halafu shule, na mwisho nitarudi kwenye kurasa zangu 14.

Kisomo kilivyofika kisiwani

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Takwimu zinazotajwa mara nyingi zinasema kuwa mwaka 1967 wasiojua walikuwa kiasi cha asilimia 67. Ni mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na ni mwaka huo pia Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa. Mambo haya hayakukutana kwa bahati. Taifa lilikuwa linataka wananchi wake wasome, na lilikuwa limekwisha kuamua wasome kwa lugha gani.

Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, katika mikoa ya ziwa. Mradi ule ulifundisha herufi kwa kupitia kazi: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi habari za nyavu na samaki, mwenye migomba habari za migomba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya hapo zikatajwa wilaya sita ambazo zilitakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971, na Ukerewe ilikuwa mojawapo.

Basi bibi yangu alikutana na herufi kwa amri ya taifa, akiwa mke wa mtu, na mtoto mgongoni. Mwaka wake wa kuzaliwa haujui kwa tarakimu. Anasema mvua ya Uhuru, yaani ile mvua kubwa ya 1961 na 1962 iliyolipandisha ziwa, ilimkuta msichana anayeweza kubeba mtungi mkubwa. Kwa hesabu hiyo, alipoingia kisomo alikuwa na miaka kama 25 hivi. Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Watu waliliita ngumbaru, na wengine walilitamka jina hilo kwa kicheko.

Kampeni haikuishia kwenye herufi. Mwaka 1973 ilikuja Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa majuma 12, wakisikiliza redio, wakisomewa vijitabu, wakajadili habari za vyoo, maji na malaria. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1974 gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza. Idadi ya wasiojua kusoma, kwa mujibu wa mitihani ya taifa, iliteremka hadi asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na kufikia chini kidogo ya 10 mwaka 1986.

Halafu hali ya uchumi ikaharibika. Karatasi zikawa adimu, posho za walimu wa kujitolea zikakatika, madarasa yakafa moja baada ya jingine. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa waliojua kusoma na kuandika, wenye miaka 15 na zaidi, walikuwa takribani asilimia 78. Ni kweli kwamba mitihani ya kisomo na sensa hazipimi kwa kipimo kimoja, hivyo tusizilinganishe kijuujuu. Lakini hata mtu asiye mtaalamu wa takwimu anaona kuwa ngoma ilipoa.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la maana hapa ni hili. Kwa muda wa miaka kama kumi na mitano, mamilioni ya watu wazima waliokwisha kuwa na lugha zao walipewa Kiswahili cha aina fulani: cha vijitabu, cha redio, cha mkutano. Hawakukipokea wakiwa watoto. Walikipokea wakiwa na midomo iliyokwisha kuzoea kusema. Je, midomo hiyo ilibadilika?

Umri, au kizazi?

Kabla ya kujibu, kuna mtego inafaa tuuone. Tunapomsikia mzee wa miaka 78 akisema tofauti na kijana wa miaka 22, tunasema haraka: ni uzee. Lakini inawezekana kabisa kuwa hata alipokuwa na miaka 22 alisema hivyo hivyo, kwa sababu watu wa wakati wake walisema hivyo. Wanaisimu jamii, hasa tangu William Labov alipofanya utafiti wake Marekani katika miaka ya 1960, wametufundisha kutenganisha mambo haya mawili: mabadiliko yanayompata mtu kadiri anavyozeeka, na mabadiliko yanayoipata lugha kadiri vizazi vinavyopishana.

Chukua kiambishi -ga. Bibi husema tulikuwaga tunaenda, alikuwaga anakuja, tulilimaga. Kiambishi hiki cha mazoea kimo katika lugha nyingi za Kibantu za bara, Kisukuma kikiwamo, lakini vitabu vya Kiswahili sanifu havikitambui. Nilipokisikia kwa bibi nilikiandika pembeni ya daftari langu: "dalili ya uzee na kutosoma." Kumbe dalili gani! Jioni ile ile niliporudi chuoni, mwenzangu wa bwenini, kijana wa mjini mwenye alama nzuri kuliko zangu, aliniambia kuwa wali wa kantini "unakuwaga mbichi siku za Jumatatu." Wala si mzee, wala si mtu wa ngumbaru. Ni dhahiri kuwa nilikuwa nimesoma umri mahali pasipokuwa na umri.

Hata hivyo sisemi kwamba uzee haufanyi lolote kwenye ulimi. Susan Kemper, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, pamoja na wenzake, wamelichunguza jambo hili kwa wasemaji wa Kiingereza tangu miaka ya 1980. Waliona kuwa wazee hupunguza sentensi zenye vishazi vilivyofumbatana, hasa zile zinazomlazimisha msemaji kukishika kichwa cha sentensi akilini huku akipitia maelezo marefu kabla ya kufika kwenye kitenzi kikuu. Sababu wanayoitoa ni mzigo unaobebwa na kumbukumbu ya papo kwa papo. Wakati huo huo, hazina ya maneno haipungui upesi, na masimulizi ya wazee huweza kuwa na mpangilio mzuri hata wasikilizaji wakayapenda kuliko ya vijana.

Matokeo ya Kiingereza hatuwezi kuyahamishia Kiswahili kama tunavyohamisha gunia. Lakini yalinifanya nimsikilize bibi upya. Mimi ningesema: "Yule mwalimu ambaye baba yake aliyekuwa mvuvi alizama ziwani alihamia Mwanza." Bibi alisema: "Kulikuwa na mwalimu. Baba yake mvuvi. Akazama. Basi yule mwalimu akahamia Mwanza." Habari ni ile ile, haikupungua hata punje. Tofauti ni kwamba sentensi yangu inamtesa msikilizaji, na yake inamshika mkono.

Lakini je, huo ni uzee? Hapa nilipata bahati ambayo watafiti wengi hawaipati. Ndani ya sanduku la bati la bibi kuna barua aliyomwandikia babu mwaka 1978, wakati babu anafanya kazi Mwanza. Mwandiko wake ni wa herufi kubwa kubwa, kila moja imesimama peke yake kama mti shambani. Niliisoma kwa ruhusa yake. Katikati ya barua, anapoeleza ugonjwa wa mtoto, sentensi ni fupi fupi vile vile, na -ga imo. Alikuwa hajafika hata miaka 35. Kwa hiyo ufupi niliokuwa tayari kuuita uzee ni mtindo wake wa tangu ujana, na pengine ni mtindo wa kusimulia wa watu wake.

Shule inaufanya nini ulimi?

Sasa tuje kwenye shule. Mabishano makubwa yamefanyika juu ya suala hili. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, aliwahoji wakulima wa Uzbekistan, baadhi yao wakiwa hawajui kusoma na wengine wakiwa wamepita kwenye kozi fupi. Aliwapa mafumbo ya mantiki, akaona kuwa wasiosoma walikataa kutoa jibu juu ya mambo ambayo hawakuyaona kwa macho yao, na waliosoma kidogo walijibu. Matokeo yake yalichapishwa kwa Kirusi mwaka 1974. Wengi waliyatumia kudai kuwa herufi hubadilisha akili yenyewe.

Mimi nilikuwa mmoja wa walioamini hivyo, mpaka niliposoma habari za Sylvia Scribner na Michael Cole, waliofanya kazi kwa Wavai wa Liberia na kuchapisha kitabu chao mwaka 1981. Wavai wana hati yao wenyewe, ambayo mtu hufundishwa na ndugu au rafiki nje ya shule kabisa. Wengine husoma Kiarabu katika chuo cha Kurani, wengine Kiingereza shuleni. Kwa hiyo hapo uliweza kutenganishwa usomaji na shule, vitu ambavyo kwingine huja pamoja kama pacha. Watafiti hao waliona kuwa ustadi wa kueleza kwa maneno sababu ya jibu ulitokana zaidi na shule, kwa maana mwalimu anauliza "kwa nini?" kutwa nzima. Lakini wale waliojua hati ya Kivai, ambao huitumia sana kuandikiana barua, walikuwa hodari wa jambo jingine: kumweleza mchezo mtu ambaye hajauona. Barua iliwafundisha kumsemesha mtu asiyekuwepo.

Hapo nilikumbuka kitu kilichonifanya nirudie kuisikiliza sauti ya bibi tangu mwanzo. Nilipobonyeza simu na kumwambia, "Haya bibi, sema," hakuanza kusimulia. Alikaa wima, akavuta kanga, akasema: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlioko mbali. Dhumuni la maneno haya ni kuwajulisha habari za kisomo." Mara ya kwanza nilicheka kimoyomoyo, na katika maandishi yangu nilikifuta kipande hicho kwa kuwa niliona hakihusiani na hadithi. Kumbe ndicho kipande chenye uzito kuliko vyote! Maneno hayo ndiyo yanayofungua barua yake ya 1978, karibu neno kwa neno. Bibi aliichukulia simu kuwa ni barua. Alijua kuwa anawasemesha watu wasiokuwepo, na aliitafuta sauti aliyofundishwa chini ya mwembe kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Na si ufunguzi peke yake. Katika kurekodi kule alieleza mahali ulipokuwa mwembe, upande gani wa njia, kivuli kilifika wapi saa ya darasa. Mimi mjukuu wake sihitaji kuelezwa, mwembe huo nimeupanda tangu utotoni. Alikuwa anawaeleza ninyi, wasomaji wa gazeti hili, ambao hamkuwepo. Jioni, simu ilipozimwa, alinisimulia tena kisa kile kile kwa robo ya maneno, kwa nusu Kikerewe, kwa kunyoosha kidole.

Kwa hiyo jibu langu juu ya shule ni hili. Kisomo hakikumpa bibi akili, alikuwa nayo. Hakikumwondolea -ga, wala hakikurefusha sentensi zake. Kilimpa msikilizaji mpya, yaani mtu aliye mbali, na namna ya kumwendea mtu huyo. Kilimpa pia mahali pa kusemea. Anasema kuwa kabla ya kisomo, katika mkutano wa kijiji wanawake walikaa nyuma na Kiswahili kilikuwa cha bwana shamba na katibu. Baada ya Mtu ni Afya, kikundi chao kilimchagua yeye asome kijitabu kwa sauti. "Nikisimama nilikuwaga natetemeka magoti," anasema, "lakini mdomo haukutetemeka."

Mzee Kitereza na sisi

Kisiwa chetu kimetoa mfano mwingine ambao hatuwezi kuupita katika gazeti la uhakiki. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa miaka mingi katika seminari ya Rubya, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna aliyeichapisha. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka 1981 Mzee akafariki.

Hapa tunaye mtu mwenye shule nyingi na umri mkubwa kwa pamoja. Kama kweli shule ingekuwa inaufuta usemi wa kwao mtu, Kitereza angeandika kama hotuba ya mission. Lakini yeye aliitumia shule kuyahifadhi mazungumzo ya mababu: salamu ndefu, mashauri ya wakwe, maelezo ya pombe, ya dawa na ya kilimo, yaliyotolewa polepole kana kwamba msomaji ni mgeni aliyeshuka kwenye mtumbwi jana. Wapo wasomaji wanaolalamika kuwa Kiswahili chake kinatembea kwa miguu ya Kikerewe na kwamba maelezo ni mengi mno. Nami nililalamika hivyo mwaka wa kwanza. Sasa naona kuwa maelezo yale ni ya mtu anayemsemesha asiyekuwepo. Tofauti yake na bibi ni kwamba bibi alikuwa na dakika chache za simu na Kitereza alikuwa na maisha mazima.

Linganisha na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe hapo hapo, iliyotoka mwaka 1974, wakati kampeni ya kisomo ikiwa motomoto. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wazazi na watu wa kijijini tunawasikia kupitia sikio la msomi. Hilo si kosa la Kezilahabi, maana anajua analolifanya: riwaya yote ni juu ya msomi asiyeweza kukaa na watu wake. Kosa ni letu wahakiki tunapochukua kauli za wazee katika riwaya zetu nyingi na kusema, "hivi ndivyo wazee wanavyosema." Mara nyingi hivyo ndivyo msomi anavyowaandika. Mzee wa riwayani huongea Kiswahili kile kile cha msimulizi, ila amebandikwa methali mbili kama mhuri wa umri. Katika ile sauti ya muda wa saa mbili, bibi alitumia methali moja tu, tena kwa utani, kumhusu jogoo wa jirani.

Kosa langu

Nilipomaliza kuandika zile kurasa 14 nilikuwa bado Ukerewe. Nilijivuna, nikaamua kumsomea. Mahali aliposema, "Tulikuwaga tunaenda jioni, tukitoka shamba. Mwalimu mtoto tu, wa darasa la saba. Alikuwaga anatuogopa," mimi nilikuwa nimeandika: "Tulihudhuria masomo nyakati za jioni baada ya kukamilisha shughuli za kilimo. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyehitimu darasa la saba, ambaye alituogopa."

Alisikiliza kwa adabu mpaka ukurasa wa pili. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mama ni nani?"

Nikamwambia, "Ni wewe bibi."

"Mimi? Huyu anaongea kama barua ya serikali." Akanyoosha mkono. "Hebu lete."

Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma mwenyewe. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, midomo ikitangulia sauti. Ilikuwa imenipita kabisa kwamba anajua kusoma. Nilikuwa nimemrekodi kwa muda wa saa mbili akieleza jinsi alivyojifunza kusoma, nikaandika kurasa 14 juu ya habari hiyo, na bado akilini mwangu alikuwa mtu wa kusomewa. Alipofika kwenye "alituogopa" akasimama. "Hapa umesema alituogopa. Mara moja? Yule mtoto alikuwaga anatuogopa kila siku, mpaka mwaka ukaisha. Ndiyo maana tulikuwaga tunamletea samaki."

Nilikosa la kusema. Kwa kuifuta -ga nilikuwa nimeufuta mwaka mzima wa woga wa yule kijana, na samaki zake pia. Kiswahili sanifu kilikuwa na njia ya kulisema jambo lile, "alikuwa akituogopa," lakini mimi sikuitafuta, kwa sababu nilikuwa nasahihisha na si kusikiliza.

Akanirudishia karatasi. "Kama ni yangu, andika yangu," akasema. "Kama ni yako, weka jina lako." Halafu kwa muda wa siku mbili hakutaka tena kusema mbele ya simu. Alinijibu kwa mkato: "ndiyo," "sijui," "muulize shangazi yako." Mtu ambaye angetukuta siku hizo na kurekodi angesema kwa uhakika kabisa: tazama, uzee umeufupisha usemi wake.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo sikulikuta katika vitabu nilivyosoma. Usemi wa mzee unapungua pia kwa sababu wasikilizaji wanapungua. Babu amekwishafariki. Wenzake wa kisomo wamebaki wawili, na mmoja hasikii. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, hupiga simu kuuliza afya na kukata. Wajukuu tunakuja na kumwamkia, "Shikamoo bibi," "Marahaba," kisha tunashika simu zetu. Ataendelea kufumba vishazi juu ya vishazi kwa ajili ya nani?

Siku ya tatu nilimwomba radhi na kumwambia kuwa nitaandika upya, kila neno, na kila mahali aliponyamaza. Akasema, "Haya, lakini usome mbele yangu." Tulikaa siku nne zaidi. Nilichelewa kurudi chuoni na nikakatwa alama kwa kuchelewesha kazi. Mwalimu wa somo aliniambia kuwa maandishi ya pili hayapendezi kama ambavyo yangeweza kupendeza, na alisema kweli. Yana kurasa 31.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha katika makala hii kuwa umri na shule vyote vinaugusa usemi wa mtu mzima, lakini si kwa njia tunayoidhania. Umri unaweza kuzifanya sentensi kuwa nyepesi zaidi, ila mara nyingi tunauhesabia umri mambo ambayo ni ya kizazi, ya eneo, au ya mtindo wa kusimulia. Shule ya watu wazima haikuumba watu wapya. Iliwapa watu waliokwisha kuumbika msikilizaji wa mbali, salamu za kumwendea, na mahali pa kusimama wakati wa kusema. Vyote viwili vinategemea kama kuna anayesikiliza.

Kwa wenzangu mnaojiandaa kwenda kurekodi nina pendekezo moja tu, nalo ni dogo. Mkishaandika, msomeeni aliyesema. Kama anajua kusoma, mpeni asome mwenyewe. Waliohitimu kisomo cha miaka ya 1970 bado wapo katika vijiji vyetu, wengi wao wakiwa na barua na madaftari ndani ya masanduku, na kila mwaka wanapungua. Hawa ndio watu wazima wa kwanza wa taifa hili kuingia katika Kiswahili cha maandishi kwa mamilioni, na usemi wao ni ushahidi wa jambo hilo kuliko takwimu za mitihani.

Bibi anayo nakala ya zile kurasa 31. Shangazi ananiambia kuwa huzisoma jioni, kidole kwenye mstari, na kwamba amekwisha kunikuta na makosa matatu. Nitakwenda kuyasikiliza likizo ijayo.